Seva inaganda usiku: nimpe wakala wa AI aristati, au nibaki na systemd?

Parachichi_Data
Habari za jioni wakuu. Nina mfumo wa kupokelea parachichi, vituo viwili huku Rungwe. Mtu wa mizani anaingiza kilo, mkulima anapata SMS. Seva ipo kwenye klaudi. Shida yake inaganda, mara nyingi saa mbili usiku tunapofunga hesabu, na mimi muda huo niko njiani Tukuyu–Mbeya, simu inashika hapa haishiki pale. Sasa mtoa huduma wangu ameleta zana ya MCP, wakala wa AI anaweza kuiristati mwenyewe hata nikiwa nimelala. Nataka kuamua kabla msimu haujachanganya: (a) wakala wa AI, (b) systemd, ile programu ya Linux inayosimamia huduma na kuziamsha zikifa, (c) nimlipe kijana akeshe. Kipi bora?

Fundi_Mafiati
Umeandika yote isipokuwa yanayotakiwa. RAM kiasi gani? Hifadhidata ipo mashine hiyohiyo? Logi zinasema nini? Mgonjwa "anajisikia vibaya" halafu unauliza dawa.

MamaNdizi_Uyole
Samahani jamani, wakala si yule wa kutoa hela? Anaingiaje kwenye seva?

Fundi_Mafiati
Hapana dada, huyu ni programu. MCP ni utaratibu uliotolewa na Anthropic, kampuni ya AI, Novemba 2024. AI inapewa orodha ya zana, kila moja na jina lake na maelezo, inachagua ipi iiite. Kuristati ni zana mojawapo.

MamaNdizi_Uyole
Sawa. Jina baya lakini.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene! systemd tu, mambo ya kisasa achana nayo. Restart=on-failure, RestartSec=5, ukalale. Haihitaji mtandao, ipo humohumo ndani ya mashine. Mimi sijagusa ya kwangu tangu mwaka juzi.

DadaLogi_Njombe
Kaka, on-failure inamrudisha aliyekufa. Huyu anasema imeganda, na aliyeganda hajafa: programu ipo, mlango upo wazi, haijibu tu. Hapo lazima kitu cha nje kigonge hodi kila baada ya sekunde 30 na kusikiliza kama kuna jibu.

Vifurushi_Tunduma
Ngoja nisimulie yaliyonikuta kabla hujampa wakala funguo. Mimi nina mfumo wa vifurushi vya mabasi. Nikampa wakala zana ya kuristati, nikalala kwa raha zangu. Programu yangu ni nzito kuamka, dakika moja na nusu, maana inapakia kwanza mizigo yote iliyo njiani. Ile zana yenyewe inasubiri sekunde 30 tu, halafu inajibu "muda umeisha". Wakala akasoma hiyo kama imeshindikana, akaita tena. Kila akiita anaiua ikiwa nusu ya kuamka. Naamka saa kumi na moja alfajiri, historia inaonyesha ameristati mara 41. Na adabu zake sasa: "Bado haijibu. Samahani kwa usumbufu, najaribu tena." Mara arobaini na moja! Basi la kwanza liliondoka bila orodha, konda aliandika namba za vifurushi nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Kadi ninayo hadi leo.

Kibaya zaidi, nilipoikagua tokeni niliyompa (ndiyo funguo yake ya kuingilia), ilikuwa na ruhusa ya kufuta mradi mzima. Hakufuta, ila ni bahati tu.

Siku hizi wakala bado ninaye, ila zana inajibu palepale "imeanza, subiri", kuna zana nyingine ya kuuliza hali, na hairuhusiwi kuristati zaidi ya mara moja kwa dakika 15. Kikomo hicho kipo kwenye zana yenyewe. Ukikiandika kwenye maelekezo ya AI peke yake, siku moja itakisahau.

Mtoto_wa_Soweto
Hivi "kuristati" ni Kiswahili gani? Kuwasha upya!

Mnyalu_Kihesa
Unawasha upya redio.

Fundi_Mafiati
Na kuristati si kudeploy upya (kuisimika programu upya), msichanganye. Kwenye Docker programu inaendeshwa ndani ya kisanduku chake, kinaitwa kontena, na docker restart inarudisha kontena ileile. Ukibadilisha nywila kwenye faili la mazingira haitaiona mpaka uunde kontena upya. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo.

Parachichi_Data
Nimerudi, samahani. RAM ni GB 1. Hifadhidata ipo humohumo, Postgres. Natumia Docker. Kuna kontena inaonyesha imetoka na namba 137. Saa mbili ndiyo mfumo unatengeneza ripoti ya siku yenye picha za mizani.

Mnyalu_Kihesa
Docker! Picha! Haya ndiyo ya kusema mwanzo. Na 137 maana yake imekufa, haijaganda. Weka restart: unless-stopped, Docker itairudisha yenyewe, tumemaliza.

Fundi_Mafiati
Hatujamaliza. 137 ni 128 jumlisha 9, yaani imeuawa kwa SIGKILL, amri ya kuua programu palepale. Kwa GB 1 na ripoti ya picha, nahisi kernel, kiini cha Linux, imeishiwa kumbukumbu (RAM) ikaiua. Andika dmesg, utaona ujumbe wa kernel.

DadaLogi_Njombe
Swali langu: kontena IPI imetoka na 137? Kama ni Postgres, programu ndiyo imebaki imeganda ikiisubiri, na hapo wakala ataristati programu mpaka kuche. Na Docker peke yake haiamshi kontena iliyo hai lakini mgonjwa.

Vifurushi_Tunduma
Mara 41.

Parachichi_Data
Niko Kiwira sasa, mtandao unasuasua. Nikifika nitaangalia.

MamaNdizi_Uyole
Kaka Parachichi, mnanunua na za kienyeji au Hass tu? Nina miti sita nyuma ya nyumba.

Parachichi_Data
Hass tu dada, ila kuna jamaa hapa anachukua za kienyeji kwa gunia. Nitumie ujumbe nikuunganishe.

DadaLogi_Njombe
Kumbe mtandao upo. Kontena ipi?