Kuandika upya maktaba ya hifadhidata yenye LGPL: njia ipi salama?

mzizi_B
Wakuu, maktaba imeandikwa kwa lugha ya C, leseni LGPL 2.1 (ukibadilisha msimbo wake na kuusambaza, lazima ubaki chini ya leseni hiyohiyo). Lengo ni toleo la lugha ya Rust chini ya MIT, leseni isiyo na sharti hilo. Nitafsiri faili kwa faili, niandike upya kutokana na maelezo tu, au niache C ilivyo na kuivika Rust kwa nje?

kitasa
Ya kwanza iondoe kabisa, mkuu. Kubadili lugha hakufuti hakimiliki. Ukitafsiri msimbo mstari kwa mstari, LGPL inakuja nao, hata ukibadilisha majina yote. Kinachokuumbua ni majedwali ya namba, maneno ya ujumbe wa makosa na hitilafu zilezile za zamani.

ukurasa4096
Ya pili ndiyo inayokupa MIT, ila ina kazi. Unahitaji makundi mawili. La kwanza linasoma C na kuandika maelezo: kila baiti ya kichwa cha ukurasa (kipande kimoja cha faili la hifadhidata) ina maana gani, kufuli linashikwa lini na kuachiwa lini, programu ikizimika katikati ya kuandika nini kinarejeshwa. Pasiwe na hata kipande cha msimbo humo. La pili, ambalo halijawahi kufungua chanzo, linaandika Rust. Maswali yapite kwa maandishi na yatunzwe kwenye git (kumbukumbu ya mabadiliko), maana siku ya mabishano huo ndio ushahidi wako. Aliyewahi kuchangia maktaba ya awali akae kundi la kwanza.

mzizi_B
Majina ya fanksheni na umbizo la faili je?

ukurasa4096
Ulaya, kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming (2012): utendaji wa programu na umbizo la mafaili ya data havilindwi na sheria ya hakimiliki za programu. Marekani, Google dhidi ya Oracle (2021): kunakili matamko ya API ya Java (majina na muundo wa fanksheni zinazoitwa na programu nyingine) kulihesabiwa matumizi halali (fair use), lakini mahakama haikuamua kama API zina hakimiliki. Kwa hiyo usibebe faili la .h (lenye matamko ya C) zima na maelezo yake.

kitasa
Na folda ya majaribio! Nayo ina leseni. Andika mapya.

kiungo_so
Kama MIT si lazima kwa kila kitu, ya tatu ni nafuu zaidi. Safu yako ya Rust iwe MIT, C ibaki `.so` ya pembeni, yaani faili tofauti linalopakiwa programu inapoendeshwa. Ukiiunganisha ndani ya programu moja isiyo na chanzo wazi, kifungu cha 6 kinakudai utoe mafaili ya `.o` (msimbo uliokwisha kukusanywa) ili mtumiaji aweze kuunganisha upya na toleo lake. Kabla ya yote endesha `git shortlog -sne`, inayoorodhesha wachangiaji: wachangiaji wakiwa wachache, waombe wote idhini ya kubadili leseni. Asiyekubali, sehemu yake tu ndiyo iandikwe upya.