Zimamoto aliyefia vitani, jina lake liwekwe ukuta upi?

bomba_kuu: Wakuu habari zenu. Kikosini kwetu tunaandaa ukuta wa kuwakumbuka wenzetu waliofia kazini, sasa ugomvi umeanzia kwa jamaa mmoja, alikuwa zimamoto miaka kibao, vita ilivyoanza akavaa gwanda la jeshi akaenda na ndo hakurudi. Kuna wanaosema huyo ni wa jeshi, kule wana orodha yao, hakufia kwenye moto. Wengine wanasema kabati lake lipo hadi leo mnamkataaje? Nyie mnaonaje, na akiwekwa tuandike nini?

afande_mstaafu: Awekwe, ila msidanganye jiwe. Andikeni mwaka alioingia zimamoto, kikosi cha jeshi alichokwenda nacho na mahali alipofia, basi. Mkimchanganya na waliofia kwenye moto bila maelezo, mgeni atauliza alikufa kwenye moto gani na hapo mtaanza kutunga. Mtengeeni sehemu yake kwenye ukuta huohuo.

mpenda_historia: Mjadala huu wa zamani sana aisee. Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Elmer Ellsworth alikusanya zimamoto wa kujitolea wa New York wakawa kikosi kizima cha jeshi, wakaitwa Fire Zouaves (Ellsworth mwenyewe hata hakuwa zimamoto, watu huwa wanachanganya). Mwezi wa tano wako Washington kama wanajeshi, moto ukawaka jirani na hoteli ya Willard, unadhani walikaa? Waliuzima wao. Julai wakapigana Bull Run na wengi hawakurudi. Sasa niambie hao utawagawaje, huyu wa moto huyu wa bunduki?

kinanda: @mpenda_historia ongezea Ypres kule Ubelgiji. Lango la Menin lina majina zaidi ya 54,000 ya wanajeshi wa vita ya kwanza ya dunia ambao makaburi yao hayajulikani, na kila siku saa mbili usiku wanapigiwa tarumbeta, Last Post. Wapigaji ni kina nani? Zimamoto wa mji huohuo! Tangu 1928, wakasimama tu Wajerumani walipoukalia mji vita ya pili. Kama zimamoto wanawakumbuka wanajeshi wasiowajua hata kwa sura, nyie mnashindwaje na wenu wa damu?

afande_mstaafu: Hapo kweli. Ila bomba_kuu familia mmeiuliza? Kuna mama atafurahi na kuna mama hataki kabisa kuona jina la mwanae kwenye ukuta mwingine tena.

bomba_kuu: Dah hatujauliza mzee wangu, tulikuwa tunabishana wenyewe tu. Mjane wake yupo, nitaenda na mkuu wa zamu tumsikilize, na jeshini tutaomba watuthibitishie cheo chake maana hapa kila mtu anasema lake, mmoja sajini mwingine koplo.

kinanda: Cheo msikisie, fundi akishachonga kukifuta ni kazi.