Mjadala: Je, kichupa cha ngoma ya Kisukuma kipigwe kwa mtindo wa Bongo Fleva?

Mtoa mada, Kisesa:
Ndugu zangu, vikundi vyetu vya ngoma sasa vinarekodi vichupa kwa ajili ya YouTube, na waongozaji wengi wanavipiga kama walivyozoea kupiga Bongo Fleva: gari la kukodi, ufukwe wa Ziwa Victoria, droni ikipaa juu ya Jiwe la Bismarck, kisha mikato ya harakaharaka. Kwa msanii anayeimba peke yake sioni ubaya, maana kinachouzwa pale ni sura na mavazi yake. Bugobogobo, hata hivyo, ni ngoma ya jembe. Ilitokana na vikundi vya kulima kwa pamoja, ambako mdundo ndio uliowapa wakulima mwendo, na utamu wake uko pale safu nzima inaporusha majembe na kuyadaka kwa pigo moja. Mwongozaji akikata picha jembe likiwa bado hewani, akatuonyesha tabasamu la mwimbaji, kisha akarudi majembe yakiwa tayari mikononi, mtazamaji atajuaje kama yalidakwa? Napendekeza kamera isogee nyuma, ionyeshe wachezaji kuanzia kichwani hadi miguuni, na picha iachwe idumu. Fred Astaire, mchezaji wa filamu za Marekani za miaka ya 1930, alishikilia sharti hilohilo, na sijasikia akiitwa mshamba.

Mchangiaji, Nyamagana:
Kuhusu majembe nakuunga mkono, mkuu. Ninachokataa ni dokezo kwamba mbwembwe zimeletwa na Bongo Fleva. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, tangu zamani hushindana kwa kunyang'anyana watazamaji: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ule wenye umati mkubwa ndio unaoshinda. Ndiyo maana Wasukuma wana wachezaji wanaoingia uwanjani na chatu, na anayekwenda kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, pale makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hukuta watu wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya kituko kipya. Siku hizi umati uko kwenye simu, na kijana wa Igoma akichoshwa na picha ndefu anahama kwa kidole. Droni inafanya kazi ya chatu.

Mtoa mada:
Chatu yumo ndani ya ngoma, na anayemshika anahatarisha mkono wake mbele ya macho yetu, ilhali droni hupaa juu ya jiwe ambalo hata wachezaji hawakulikaribia. Tena hilo la kuhama linanipa nguvu: ule umati wa Bujora huona ngoma nzima ndipo uamue kuhama.

Mchangiaji, Nyamagana:
Basi kikundi kitoe vichupa viwili, kimoja kifupi cha kuvutia watu na kingine cha ngoma nzima bila mkato. Swali linalobaki ni nani atamlipa mpigapicha kwa siku ya pili, kwa sababu vikundi vingi hata ya kwanza huichangishana.