Video ya HD ina meno ya kitana na sauti inachelewa: nabadilishaje bila kuiharibu?

Kipepeo77

Wakuu habari za kazi. Nataka kuunganisha video za vyanzo viwili ziwe moja ya dakika 40 hivi. Chanzo cha kwanza ni kamera ya AVCHD: mafaili ya .MTS, 1920x1080, picha imebanwa kwa H.264, sauti kwa AC-3. Cha pili ni kifaa cha kunasia HDMI kinachochomekwa USB. Nilirekodi kwa OBS (programu ya kurekodi), fremu 30 kwa sekunde, faili ni .mp4.

Yote niliyapitisha kwanza kwenye programu ya kubadilishia yakawa MP4 za 720, ndipo nikayaingiza Kdenlive (programu ya kuhariri). Sasa mtu akipita haraka mbele ya kamera, kingo za mwili wake zinachanika mistari mistari kama meno ya kitana. Pale faili moja la .MTS linapoishia na jingine kuanza, sauti inakatika kidogo, kufumba na kufumbua. Na lile la OBS linaanza vizuri, lakini kufika dakika ya 30 mdomo umeshafungwa ndipo neno linasikika.

Kompyuta ina kori 4 na RAM ya GB 8, haina kadi ya picha. Programu ipi inatibu haya?

FremuKamili

Programu haina kosa, mkuu. Kosa ni mpangilio wa kazi: umebadilisha kwanza, ukahariri baadaye. Rudi kwenye mafaili ya asili na hizo za 720 zifute, maana picha ikishapunguzwa ukubwa ikiwa na meno, meno hayo hayatoki tena. Mistari imeshachanganywa na hakuna programu inayojua upi ulikuwa wa wapi.

Fungua .MTS moja kwenye MediaInfo (programu inayoonyesha taarifa za faili) uangalie "Scan type". Ikisema "Interlaced", una 1080i. Kwa kamera ya 50i, kila sekunde ina nusu-picha 50, kila moja mistari 540: moja inabeba mistari ya witiri, inayofuata ya shufwa. Kati ya nusu moja na nyingine imepita 1/50 ya sekunde. Ukuta haujasogea katika muda huo, kwa hiyo nusu mbili zinakaa sawa. Mkono unaopunga umesogea, kwa hiyo ukizibandika nusu hizo ziwe fremu moja unaona mkono mahali pawili kwa zamu za mistari. Ndiyo hayo meno.

Dawa ni kuitengeneza kila nusu kuwa fremu nzima, upate fremu 50 kwa sekunde. FFmpeg, programu ya kuandikia amri, inafanya hivyo kwa kichujio cha bwdif (zima.MTS ni faili lako la kamera):

ffmpeg -i zima.MTS -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 15 -preset fast -c:a pcm_s16le kamera.mov

Crf ni kiwango cha mbano, ikiwa ndogo picha hubanwa kidogo; 15 iko chini kwa makusudi. Hili ni faili la kazi, litabanwa tena mwishoni, kwa hiyo usilibane sana sasa; litakuwa kubwa, vumilia. Sauti nayo inafumuliwa kuwa PCM (sauti isiyobanwa) ili isibanwe mara mbili. Ukiweka send_frame badala ya send_field utapata fremu 25: meno yataondoka, ila nusu ya mwendo itakuwa imetupwa na mtu akipita utaona anarukaruka.

Mitego miwili. Baada ya kuchuja, kitu kinachosogea kikionekana kinakwenda mbele kinarudi nyuma, mpangilio wa nusu umesomwa kinyume. AVCHD na HDV huanza na nusu ya juu, kwa hiyo lazimisha kwa :parity=tff. Video za zamani za DV ndizo huanza na ya chini. Mtego wa pili: kamera nyingine hurekodi fremu 25 kamili lakini huzipakia ndani ya 50i, na MediaInfo itasema "Interlaced" vilevile. Tembeza fremu moja moja mahali penye mwendo mkali. Usipoona meno hata kwenye faili la asili, usichuje kitu. Utapoteza ukali wa picha bure.

Mkata_Utepe

Nichukue la sauti inayokatika. Kadi ya kamera ikiwa na mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili linalofika GB 4, kwa hiyo kamera hukata rekodi moja ndefu vipande vipande. Nyingine hukata kwenye GB 2. Haijali kama fremu ya sauti imeisha. AC-3 hupangwa kwa vifungu vya sampuli 1536, yaani milisekunde 32 kwa 48 kHz, na kifungu kilichokatika katikati kina kichwa kwenye faili la kwanza na mkia kwenye la pili. Ukibadilisha kila faili peke yake, kifungu hicho hutupwa pande zote mbili.

Kwa hiyo unganisha kabla ya jambo lingine lolote, baiti kwa baiti. Kwenye Windows:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS zima.MTS

Kwenye Linux na Mac ni cat 00001.MTS 00002.MTS > zima.MTS. Hiyo /b usiisahau, la sivyo faili linaweza kuishia njiani.

Hii ni kwa vipande vya rekodi MOJA tu. Utavitambua kwa ukubwa: vyote vinakaribia GB 2 au 4, isipokuwa cha mwisho. Rekodi mbili tofauti zina saa zinazoanza upya, ukizigandisha hivi programu nyingi zitapotea. Hizo ziweke tu zikifuatana ndani ya Kdenlive. Na siku nyingine nakili kadi nzima, siyo folda ya STREAM peke yake. Taarifa za kipande kipi kinafuata kipi ziko kwenye folda za jirani.

Faili la OBS nadhani ni kasi ya fremu inayoyumba. Lipitishe HandBrake (programu ya kubadilishia video), chagua "Constant Framerate", yaani kasi thabiti.

Kipimo48

@Mkata_Utepe hapo mwisho sikubaliani. Kasi inayoyumba ni ugonjwa wa video za simu. OBS huandika fremu kwa kasi thabiti. Ikizidiwa hurudia fremu, urefu haubadiliki. HandBrake haitatibu kitu, itaongeza tu mbano mwingine.

Sauti inayoanza sawa na kuchelewa kidogokidogo ni saa mbili zisizokubaliana: kifaa kinadai kinatuma sampuli 48,000 kwa sekunde, kumbe ni chache au nyingi kidogo. Ingekuwa inachelewa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, ungeisogeza tu. Hii inabidi uinyooshe.

Tafuta tukio lenye mlio mkali karibu na mwisho, mlango au kofi, uhesabu umbali kati ya picha na mlio. Tuseme kwenye sekunde ya 1800 sauti imechelewa 0.9. Gawa 1800.9 kwa 1800, unapata 1.0005:

ffmpeg -i obs.mp4 -c:v copy -af atempo=1.0005 -c:a aac -b:a 256k obs_sawa.mp4

Picha haiguswi, na badiliko la 0.05% halisikiki. Kisha kagua katikati, dakika ya 15. Ikiwa mwisho umekaa sawa lakini katikati imepishana, basi sauti iliruka mahali fulani na itabidi ukate hapo uisogeze kwa mkono.

Kwa rekodi zijazo, weka 48 kHz kwenye OBS na kwenye kifaa chenyewe upande wa mfumo wa kompyuta. Rekodi .mkv badala ya .mp4, kwa sababu .mp4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika kabla hujabonyeza kusimamisha, faili halifunguki. OBS yenyewe ina "Remux Recordings" ya kuigeuza baadaye bila kubana upya. Na kama kifaa ni USB 2.0, chagua MJPEG, ambayo picha yake imebanwa. 1080 ya fremu 30 kwa YUY2, isiyobanwa, inahitaji karibu megabiti 995 kwa sekunde, na waya huo mwisho wake ni 480.

Kipepeo77

Asanteni sana. Meno yamekwisha, sauti imekaa (yangu ilitoka 1.0004). Ila sasa Kdenlive inagandaganda ninapocheza, na video ya OBS nyeusi yake imekuwa kijivu.

FremuKamili

Kuganda ni kawaida kwa H.264. Fremu nyingi ndani yake hazijakamilika, zinaeleza tu kilichobadilika, kwa hiyo ukiruka katikati kompyuta inarudi hadi fremu kamili iliyotangulia na kufumua kutoka hapo. DNxHR, aina nyingine ya mbano, ina kila fremu kamili, lakini kwa daraja la SQ, 1080 ya fremu 25, hula karibu GB 54 kwa saa, na wewe una 50, zidisha mara mbili. Kwa mashine yako washa klipu za proksi kwenye mipangilio ya mradi. Unahariri nakala ndogo, na wakati wa kutoa Kdenlive inatumia zile kubwa. Hakikisha tu kisanduku cha kutoa kwa proksi hakijawekwa tiki.

Mradi uwe 1080p fremu 50. Ile ya OBS ya 30 itarudia fremu bila mpangilio mzuri, na kwa iliyokwisha kurekodiwa huna la kufanya. Ijayo rekodi OBS kwa 50.

Kipimo48

Kijivu hicho ni mipaka ya mwanga. Video ya kawaida huweka nyeusi kwenye 16 na nyeupe kwenye 235, siyo 0 hadi 255. Kifaa chako kinatuma ya 16, OBS inaipokea kama ya 0, kwa hiyo nyeusi inabaki juu. Bofya chanzo hicho ndani ya OBS, fungua sifa zake, na "Color Range" uiweke "Limited". Ile ya mipangilio ya jumla usiiguse. Kwa klipu uliyonayo tayari, tumia kichujio cha "Levels" ndani ya Kdenlive: ingizo la nyeusi 16, la nyeupe 235. Jaribu kwanza kwa sekunde 20 zenye nywele nyeusi au nguo nyeusi. Nywele zikigeuka doa moja lisilo na nyuzi, umezidisha.