Majirani wa Isyesye: mnara umewaka

07:10 Mjumbe: Habari za asubuhi majirani. Walioko upande wa juu, simu zenu zimeanza kuandika 4G? Wale vijana waliokuwa wanapanda mnara wamemaliza jana jioni.

07:13 Mama Tumaini: Salama mjumbe. Kwangu imetokea saa 12 nikichemsha maziwa. Nimempigia mwanangu Dodoma kwa video, nimemwona mjukuu mpaka meno yake mawili ya chini! Siku zote sura inaganda, sauti inakuja peke yake.

07:14 Mama Tumaini: Nimelia kidogo jamani.

07:19 Baba Neema: Hongera sana mama. Sisi huku korongoni bado E tu, ule mtandao wa zamani wa polepole. Mteja wa viazi wa Dar anataka picha ya mzigo, tangu jana inazunguka haiendi.

07:26 Gwamaka Fundi: Shikamooni wakubwa. Baba Neema, simu ni ile niliyokubadilishia kioo?

07:27 Baba Neema: Marahaba. Ndiyo hiyo.

07:29 Gwamaka Fundi: Hiyo inashika 4G vizuri. Na laini ni ya lini?

07:30 Baba Neema: 2009. Nilisajili upya kwa alama za vidole, lakini kadi ni ileile.

07:36 Gwamaka Fundi: Nadhani hapo ndipo penye shida. Kadi nyingi za zamani hazipandi 4G. Nenda duka la kampuni ya laini yako na namba ya NIDA, utaweka kidole, watakupa kadi mpya, namba yako haibadiliki. Kwanza hamisha majina yaliyo kwenye kadi, yasipotee. Na nawaomba wote: namba ya siri ya pesa usimtajie mtu, hata kama amevaa fulana ya kampuni.

07:38 Gwamaka Fundi: Ukiweka kadi, kwenye mipangilio chagua 4G/3G/2G. Usiweke "4G pekee". Kama simu haipigi sauti kupitia 4G, watu watakutafuta hupatikani.

07:44 Mwalimu: Asante Gwamaka. Mimi 4G ninayo, lakini jana saa 2 usiku mitihani ya nyuma ya kidato cha nne imeshuka dakika 25. Leo saa 10 alfajiri faili lilelile limeshuka kabla uji haujachemka. Kwa nini?

07:52 Gwamaka Fundi: Mwalimu, alama ya 4G inakuonyesha njia ya kutoka simu yako hadi mnarani tu. Kutoka hapo kuna njia nyingine. Angalia lile dishi jeupe la duara pale mnarani: linarusha kwenda mnara mwingine, mpaka penye mkongo, yaani ile nyaya kubwa ya intaneti. Njia hiyo ikiwa nyembamba, usiku tukiingia wote tunabanana kama daladala ya Uyole jioni. Alfajiri uko peke yako.

07:55 Mwalimu: Nimeelewa. Nitawaambia wanafunzi wapakue alfajiri.

08:03 Neema: Kaka Gwamaka, na 5G je?

08:11 Gwamaka Fundi: Vodacom waliiwasha nchini 2022, na mwaka huohuo TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, ikapiga mnada masafa ya mawimbi ya simu. Ila yale ya 3500 MHz hayafiki mbali, na ukuta wa tofali unayapunguza nguvu. Kwa mabonde yetu haya, mimi natamani kwanza 4G ya masafa ya chini, 700 au 800, iingie hadi chumbani kwenu.

08:15 Mjumbe: Naiandikia kampuni ya simu barua. Kila asiyepata aandike hapa nyumba ilipo, saa, na simu inasoma nini. "Mtandao mbovu" peke yake haitoshi.

08:16 Mama Tumaini: Ndaga fijo mjumbe, asante sana.

17:48 Baba Neema: Nimebadili kadi. Mlangoni 4G, picha ya viazi imeenda papo hapo na mteja ameshatuma nusu ya hela. Sebuleni 3G. Chumba cha nyuma, saa 11 jioni hii, hakuna kitu kabisa. Mjumbe, niandike wa kwanza.