Mjadala: Ukinyimwa viza ya Schengen, ada irudishwe au isirudishwe?

Mzizima
Wakuu, hoja yangu ni moja. Mtanzania akiomba viza ya utalii ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya) analipa euro 80, anaongeza ada ya kituo kinachopokea maombi, anatoa alama za vidole, anasubiri. Akinyimwa, hela ndiyo imekwenda. Anabaki na fomu ya visanduku, kimoja kimewekewa alama. Mimi nasema irudishwe yote, au angalau nusu. Anayepinga aje na sababu.

KaratasiKwanza
Turekebishe takwimu kwanza. Ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 analipiwa 45, wa chini ya 6 halipi. Zaidi ya robo milioni ya shilingi kwa mtu mzima, kwa hiyo naelewa uchungu.

Lakini ile si bei ya viza. Ni malipo ya kazi ya kuchunguza ombi: ofisa anasoma karatasi zako, anaangalia rekodi kwenye mfumo wao wa viza, anapigia simu mwajiri. Kazi hiyo inafanyika hata jibu likiwa hapana. Na tuseme ukweli, wengi wanaonyimwa wamejitakia. Akaunti imelala na laki moja miezi mitano, wiki ya mwisho inaingia milioni 20 ya kuazima. Kupaki hela ndiko kunakowamaliza, halafu lawama anabebeshwa ubalozi.

Bint Kariakoo
Wewe KaratasiKwanza, hilo la "wamejitakia" limenikera. Unajua upatu unavyoingia kwenye akaunti? Kikundi cha kina mama 16, kila mmoja laki tano kwa mwezi. Zamu yako ikifika inaingia milioni 8 kwa mkupuo, mara moja tu. Ofisa asiyejua upatu anaona hela imepakiwa. Hela ni jasho la miezi 16 la mwanamke halali mwenye duka, na wewe unamweka kapu moja na matapeli.

Mzizima
Asante dada. Na huyu mama ndiye akinyimwa analipa tena 90 aombe upya.

KaratasiKwanza
Bi Kariakoo, sijamwita mtu tapeli. Nimesema ofisa anaona nini. Anaona karatasi, hamuoni mama wala duka. Kama kuna milioni 8 isiyo na maelezo, ataitafsiri anavyojua yeye. Nani alimkataza mama kuambatisha maelezo?

Bint Kariakoo
Nani alimwambia aambatishe? Orodha ya nyaraka inasema "taarifa ya benki ya miezi mitatu" au sita, basi. Haina mstari wa upatu.

Ofisi ya Pili
Niingie hapa kwa sababu hili linatibika. Upatu unaelezeka kwa karatasi mbili. Ya kwanza, barua ya kikundi: jina la kikundi, idadi ya wanachama, kiasi cha kila zamu, tarehe ya zamu ya mwombaji, saini ya mwenyekiti na katibu. Kama kikundi kimesajiliwa halmashauri, weka nakala ya cheti. Ya pili, taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha ile laki tano ikitoka kila mwezi. Ofisa akiona hela ikitoka kidogo kidogo kisha ikirudi kwa mkupuo, hesabu inajifunga. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe Kiingereza au lugha ya ubalozi husika, na nakala ya asili ibaki nyuma ya tafsiri.

Kwa wenye maduka, kosa kubwa ni kupeleka akaunti ya benki peke yake wakati mauzo yote yanapita Lipa Namba, yaani malipo ya wateja kwa simu. Benki inaonyesha biashara iliyokufa, simu inaonyesha biashara hai. Peleka zote mbili, pamoja na leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipakodi), na usajili wa BRELA, wakala wa kusajili biashara. Jina kwenye leseni lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Leseni ikisema "Mwajuma A. Salum" na pasipoti "Mwajuma Ally Salum", weka hati ya kiapo ya majina.

Pwani Kenya
Huku kwetu ni hivyo hivyo, badala ya upatu ni Sacco (ushirika wa akiba na mikopo) na chama. Taarifa ya Sacco yenye muhuri inakubalika kuonyesha akiba. Lakini Mzizima, kuna jambo mnalipita. Ada hurudishwa katika hali mbili, na zimeandikwa kwenye Kanuni yao ya Viza ya mwaka 2009. Ukipeleka ombi kwenye ubalozi usiohusika na safari yako, na ubalozi ukagundua, unarudishiwa fomu na ada na kuelekezwa pa kwenda. Na ombi likionekana halikutimiza masharti ya kupokelewa, mathalani pasipoti imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita, wanarudisha fomu, wanafuta alama za vidole, wanarudisha ada, na hawalichunguzi. Kwa hiyo msingi wa kurudisha upo. Swali ni kama upanuliwe.

Mzizima
Nitarudi kwenye hilo. KaratasiKwanza ajibu kwanza: milioni ngapi zinatosha? Kila mtu mtaani anataja namba yake.

KaratasiKwanza
Kila nchi inatangaza kiwango chake cha siku. Ufaransa ni wazi kabisa: euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli iliyothibitishwa, 120 ukiwa huna, 32.50 ukiwa unafikia kwa mwenyeji mwenye hati ya ukaribisho iliyopitishwa na halmashauri ya mji wake. Siku 14 kwa 65 ni euro 910. Ndiyo maana nasema milioni 20 za kuazima ni ujinga mtupu. Haziongezi chochote, zinaleta swali ambalo halikuwepo.

Bint Kariakoo
Hapo angalau umeongea.

Kijana wa Ubungo
Mnapiga kelele kuhusu wazungu wakati sisi wenyewe tunakula hela za watu. Viza ya Tanzania dola 50, Mmarekani 100, ukikataliwa hurudishiwi. Zanzibar ndio wamezidi, wamebandika bima ya dola 44 hata kama mgeni ana bima yake kamili. Tuanze kusafisha nyumbani.

Mkunazini
Haya, kila mkikosa la kusema mnairukia Zanzibar. Bima ile ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu mzima ni dola 44, mtoto nusu. Inamlinda mgeni hadi siku 92. Mgeni akianguka na pikipiki Paje au akapata shida ya kuzamia Nungwi, nani alikuwa anabeba gharama? Hospitali zetu. Na Schengen nao hawakupi viza bila bima, sasa kwetu ndiyo imekuwa dhambi?

Kijana wa Ubungo
Schengen unachagua kampuni mwenyewe! Unatafuta bei Dar, unanunua ya siku zako tu. Zanzibar shirika ni moja. Hapo ndipo tofauti.

Mkunazini
Na kiwango cha chini cha bima ya Schengen ni euro 30,000 na lazima ihusu matibabu ya dharura, kulazwa, na kusafirishwa nyumbani hata ukiwa maiti, katika nchi zote za eneo hilo. Hawakukuachia uchague hayo. Tusidanganyane kwamba wao ni wapole.

Kijana wa Ubungo
Sijasema wapole. Nimesema chaguo.

Pwani Kenya
Kenya tulifuta viza Januari 2024, tukaweka kibali cha kielektroniki cha dola 30. Nacho hakirudishwi. Kwa hiyo nchi zote zinafanana kwenye hilo.

Mkunazini
Basi msiitaje Zanzibar peke yake.

Ofisi ya Pili
Jamani, kwa kuwa bima imetajwa, kuna makosa mawili yanayowagharimu watu. Kwanza, tarehe. Bima ianze siku ya kuingia hadi siku ya kutoka, zote mbili zihesabiwe. Ndege ikiondoka Dar usiku wa tarehe 3 na kufika tarehe 4, anza na tarehe 3. Pili, kabla ya kulipa muulize wakala wa bima kama premiamu inarudishwa ukileta barua ya kunyimwa. Kampuni nyingine zinarudisha zikikata kidogo, nyingine hazirudishi. Muombe akuandikie, maneno ya mdomo hayasaidii.

Na tiketi msinunue! Kinachotakiwa ni nafasi iliyoshikwa, yenye namba inayoweza kuthibitishwa. Vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, wanatengeneza tiketi za kuchora kwenye kompyuta. Ofisa akiingiza namba ikakosekana, safari yote inahesabiwa ya uongo, na kisanduku cha "taarifa hazikuaminika" ni kigumu kukisafisha kuliko cha upungufu wa fedha. Rekodi ya kunyimwa inakaa kwenye mfumo wao miaka 5, na ubalozi wowote wa eneo hilo unaiona. Hakuna kuhamia ubalozi mwingine ukidhani hawakujui.

Mzizima
Vishoka hao wanachukua laki tatu hadi tano kwa "kupanga faili". Kwa hasira yangu yote juu ya ile 90, hawa ni wabaya zaidi.

Bint Kariakoo
Watu wanakwenda kwa vishoka kwa sababu karatasi zimewekwa za mwajiriwa wa ofisini. Barua ya mwajiri, hati ya mshahara ya miezi mitatu, ruhusa ya likizo. Mjasiriamali ajiandikie ruhusa ya likizo mwenyewe? Hilo ndilo linalotakiwa kujadiliwa. Ada tuiache pembeni kidogo.

KaratasiKwanza
Ndiyo, ajiandikie. Sisemi kwa dharau. Barua ya ukurasa mmoja: biashara ni ipi, iko wapi, nani anaishika asipokuwepo (jina na simu), anarudi tarehe ngapi na kwa nini lazima arudi. Mzigo unaosubiriwa bandarini, pango la fremu lililolipwa hadi mwezi fulani, watoto walioko shule. Kisanduku kinachowaangusha wengi ni kile cha shaka juu ya nia ya kurudi, na hakijibiwi kwa fedha. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi), mkataba wa pango. Vitu hivyo vina nguvu kuliko salio.

Bint Kariakoo
Ungeanza na hayo badala ya "wamejitakia".

KaratasiKwanza
Kweli. Neno lile nalirudisha, halikuwa la haki kwa watu wa upatu. Msimamo wangu juu ya ada uko palepale.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nina upande wa tatu. Ada isirudishwe, lakini sababu ya kunyimwa iandikwe kwa maneno. Fomu yao ni sanifu, ofisa anaweka alama, wengine hawaongezi hata sentensi. Una haki ya kukata rufaa, na nchi iliyokunyima lazima ikuonyeshe utaratibu na muda wake. Lakini utakataje rufaa dhidi ya alama? Ukijua ni milioni 8 za upatu zilizomtia shaka, unajibu milioni 8. Usipojua unajaza faili upya lote, na unalipa 90 upya. Hakuna sheria inayokulazimisha kusubiri kabla ya kuomba tena, ila ukirudisha faili lile lile utapata jibu lile lile.

Mzizima
Hili linakaribia ninachotaka. Nusu irudi pale ofisa asipoeleza.

Kijana wa Ubungo
Na Zanzibar nao waeleze.

Mkunazini
Ndugu yangu, acha.

Pwani Kenya
Mzizima, uliahidi kurudi kwenye hoja yangu ya hali mbili za kurudishiwa.

Mzizima
Nakubali zipo. Lakini mtu wa Dar anarudishiwa vipi wakati alilipa kituoni? Ada ya kituo nayo inarudi?

Pwani Kenya
Kanuni inataja ada ya viza. Ya kituo ni ada ya huduma, mbali kabisa, na kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza. Kwa hiyo usitegemee irudi.

Safari ya Desemba
Wadau samahani naingilia. Mke na mume, usiku 5 Roma na usiku 5 Paris, tunatua Roma kwanza. Tunaomba wapi? Na alama za vidole tulitoa mwaka 2022 kwa viza ya Uholanzi.

Ofisi ya Pili
Usiku ukilingana, ni nchi mnayoingia kwanza. Kwa hiyo Italia. Mkiongeza usiku mmoja Paris, mambo yanageuka, inakuwa Ufaransa. Panga hoteli kabla ya kuchukua miadi, maana kubadili usiku mmoja baadaye kunaweza kuwapeleka ubalozi usiohusika.

Vidole hutumika tena ndani ya miezi 59. Kama vya 2022 vilitoka vizuri na muda haujapita, wanaweza kuvinakili, lakini waandikie tarehe na namba ya viza ile kwenye fomu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, unaweza kuvutwa hadi 45. Kwa Desemba msisubiri Novemba, miadi hujaa. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na idumu miezi mitatu baada ya kutoka. Picha ni milimita 35 kwa 45.

Safari ya Desemba
Na viza ikitoka, ile tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndiyo ya kuondoka?

KaratasiKwanza
Hapana, na hapa wengi wanaharibu. Kwenye stika kuna tarehe za kuanza na kuisha, halafu kuna idadi ya siku za kukaa. Kwenye zile tarehe huongezwa siku 15 za akiba, ili ndege ikiahirishwa usikwame. Ukipewa siku 11, ni siku 11, hata kama tarehe ya mwisho iko mbali. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Usiku 10 ni siku 11.