Samaki wa anemoni wa rangi za kuchagua: tuwafuge Zanzibar?

Mleta mada, Nungwi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kijana mmoja huku kwetu anataka kufuga samaki wa anemoni, wale wadogo wenye mistari wanaoishi ndani ya anemoni (mnyama laini wa mwambani), kwenye matangi ya kioo, awauze nje. Anawataka wale wanaoitwa Picasso na Snowflake, mistari yao myeupe imetapakaa kama chokaa iliyomwagika. Wazee wanasema huko ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mimi namuunga mkono. Tangu mwanabiolojia Martin Moe alipowazalisha Marekani kwa biashara mwanzoni mwa miaka ya 1970, samaki wa tangini amepunguza haja ya kumtoa mwenzake mwambani. Na kuku wa kisasa tunamla kila siku, nani aliyeuliza maumbile yake? Mnasemaje?

Mchangiaji, Chake Chake

Waaleikum salaam, kaka yangu. Kulinda mwamba nakubaliana nawe. Kwenye rangi ndipo tunapoachana. Kuku kachaguliwa kwa nyama na mayai, huyu anachaguliwa kwa kasoro. Zamani kifaranga mwenye mstari uliokatika alihesabiwa mbovu, leo ndiye wa bei.

Na mstari ule si pambo tu. Watafiti wameonyesha kuwa homoni za tezi ya shingo huchangia kuamua utoke lini, na kwamba samaki wa jamii moja wakikulia kwenye anemoni za aina mbili, wa upande mmoja hupata mistari mapema kuliko wenzao. Yaani nyumba anayoishi imo katika rangi yake! Sisi tunaichezea kwa ajili ya sebule ya mtu. Ukipandisha Picasso kwa Picasso, kama robo ya watoto hutoka karibu weupe watupu, na ili rangi isipotee wafugaji hurudia ukoo uleule, ndugu kwa ndugu. Hilo linaniuma.

Halafu hao si wa kwetu. Samaki wa anemoni wa kwetu ni aina ya allardi mwenye mistari miwili, na akallopisos mwenye mstari mmoja mgongoni. Tangi la Nungwi likimwagwa, maji na vilivyomo vinakwenda baharini.

Mwambie kijana aanze na allardi, rangi yake ileile. Hahitaji kukamua mwamba: achukue wadogo wawili kwa kibali, mmoja akue kuliko mwenzake, huyo ndiye atakayekuwa jike. Dume atalinda mayai wiki moja hivi, yatatotoka usiku. Kituo cha kutotolea samaki cha Beit el Ras wanatotoa vifaranga vya mwatiko, akawaulize chakula cha vile vidogo kabisa. Kazi iko hapo.